Kabla ya Mizani Kuandikwa Kitabuni

Mwaka 1954 kijana mmoja wa Ujiji, Kaluta Amri Abedi, alitoa kitabu alichokiita Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Alikuwa na umri wa miaka 30. Baadaye alikuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere, na leo wapenzi wa kandanda wanamkumbuka kwa uwanja wa Arusha unaobeba jina lake. Ila kwa watunzi wa Kiswahili, Sheikh Amri ndiye aliyekaa chini akaandika kwa lugha nyepesi mambo ambayo malenga wengi walikuwa wameyabeba masikioni tu.

Sheria zenyewe zinajulikana na kila aliyepita sekondari. Shairi la kawaida, yaani tarbia, lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Ukwapi unafunga kwa kina cha kati, utao kwa kina cha mwisho. Mshororo wa nne ni kituo, na ukirudiwa kila ubeti unaitwa kibwagizo. Shairi lililokosa vina au lililopungua mizani lina jina lake pia: ni guni.

Tuseme mtunzi anaanza hivi: Mvua yanyesha pwani, wavuvi wamerejea. Ukihesabu, m ya mwanzo ni mizani kamili ingawa haina irabu, kwa hiyo m-vu-a-ya-nye-sha-pwa-ni zinatimia nane, na upande wa pili nane vilevile. Angesema “mvua inanyesha” angepata tisa, na shairi lingechechemea. Ndiyo maana akachagua “yanyesha”, ambayo mizani yake ni pungufu kwa moja.

Mwanafunzi akizikuta sheria hizi darasani, ni rahisi adhani kwamba zilikuwapo tangu enzi na enzi, zote kwa pamoja, na kwamba wahenga walitunga huku wakihesabu kwa vidole. Historia ya pwani inaonyesha vingine. Kila umbo lilizaliwa na kazi yake: lipo lililotungwa lichezewe ngoma, lipo lililotungwa likaririwe usiku kucha, lipo lililopelekwa mji wa jirani kuwajibu mahasimu, na lipo lililopigwa chapa gazetini. Kila njia ya kumfikia msikilizaji ilipobadilika, umbo nalo lilijipinda.

Mwanzo kabisa, kwa kadiri kumbukumbu za pwani zinavyofika, anasimama Fumo Liyongo, shujaa wa eneo la mlango wa mto Tana. Masimulizi yanasema mfalme alimtia gerezani, naye akamwimbia kijakazi wa mama yake wimbo wenye ujumbe wa siri: mama aoke mkate wa wishwa na ndani yake afiche tupa ya kukatia minyororo. Walinzi waliusikia wimbo wasiambulie kitu. Kisha Liyongo akawatungia watu nyimbo za ngoma ya gungu, na kelele za ngoma hiyo zikafunika mlio wa tupa ikila chuma. Iwe ni kweli tupu au imetiwa chumvi, hadithi hii inaonyesha watu wa pwani walivyouelewa ushairi: fumbo lilikuwa chombo cha kazi, na utunzi haukutengana na ngoma.

Tungo zinazonasibishwa na Liyongo ni za namna nyingi. Miongoni mwake zimo tumbuizo, ambazo mistari yake hurefuka na kufupika, wala hazikatwi kwa beti zenye idadi maalumu. Kilichozishika pamoja kilikuwa mdundo na sauti ya mwimbaji. Mtahini wa leo anayetafuta kina cha kati angetoka mikono mitupu.

Utenzi ulikuja na haja nyingine, haja ya kusimulia mambo marefu. Huko Pate, mtunzi Mwengo wa Athumani alisimulia vita vya Waislamu na Warumi katika Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728 na wenye beti zaidi ya 1,000. Kazi ya ukubwa huo inahitaji umbo jepesi kwa mghani na kwa msikilizaji. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti, na cha nne kina kina chake kisichobadilika mpaka mwisho wa kisa. Mfano wa kubuni ni huu:

Soko limejaa watu
Wamebeba vyao vitu
Ndizi, nazi na viatu
Jua linapochomoza

Ubeti unaofuata ungekuja na vina vipya vitatu, kisha ungerudi kwenye “za”. Kwa mghani aliyekaririshwa mamia ya beti, kina hicho cha mwisho ni alama ya njia, kinamwambia kwamba hapa ubeti umekwisha, vuta pumzi, anza mwingine. Kwa msikilizaji kinaleta utulivu wa kujua kinachokuja hata kama hajui kisa. Watunzi wengi wa tenzi za kale walipenda kina cha “a” au “ya”, na sababu ni ya kisarufi kabisa. Vitenzi vingi vya Kiswahili huishia na a, kwa hiyo kina hicho kinapatikana tele, na mtunzi wa beti 1,000 hawezi kujifunga na kina adimu.

Umbo hilo lilitumika pia kwa mambo ya ndani ya nyumba. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu na mpinzani mkubwa wa Sayyid Said, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia wa beti 102. Alikuwa mgonjwa, na alifariki miaka michache baadaye. Wosia huo unahusu dini, adabu, mume na nyumba, na wasomaji wa leo wanabishana sana juu ya mafunzo yake. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba wanawake wa Lamu na visiwa jirani waliuhifadhi kichwani, wakawarithisha binti zao. Mizani nane zinatoshea pumzi moja, na vina vitatu vinavyofuatana vinavuta kumbukumbu. Mama aliyetaka maneno yake yabaki baada yake alichagua chombo kinachodumu.

Hati nazo zilikuwa na mkono wake katika jambo hili. Tungo za Pate, Lamu na Mombasa ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili hazina p, ch, g wala v, na alama zake za irabu hazitenganishi e na i, wala o na u. Herufi moja ya b iliweza kusomwa b, p au mb. Msomaji alikuwa akifasiri kila neno, na vina na mizani vilimsaidia kuamua. Akijua kwamba kipande lazima kifike nane, na kwamba kinaishia na sauti ile ile ya kipande kilichotangulia, makosa mengi yalijirekebisha yenyewe. Urari huo wa vina na mizani, ambao kwetu ni pambo, kwake ulikuwa ufunguo wa kusomea.

Kutoka kwa Waarabu pwani ilichukua mengi, lakini haikuchukua hesabu yao. Ushairi wa Kiarabu hupimwa kwa silabi ndefu na fupi zinazopishana kwa mpangilio. Kiswahili hakina mpishano huo; mkazo wake hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo watunzi wa pwani walihesabu idadi ya silabi, wakaweka kina kwenye silabi nzima ya mwisho, konsonanti pamoja na irabu yake. Majina mengi ya istilahi yana asili ya Kiarabu, ila mashine iliyo ndani yake ni ya Kibantu.

Urefu wa mstari nao ulibadilisha hali ya shairi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoomboleza kuanguka kwa Pate katika Al-Inkishafi, hakutumia mizani nane za utenzi. Alitumia mistari minne ya mizani kumi, inayovunjika baada ya mizani ya sita. Mwendo wake ni wa taratibu. Mtunzi anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukemea, kisha anautembeza katika majumba ya matajiri waliokwisha kufa, ambamo madaka yaliyopangwa vyombo vya thamani sasa ni malalo ya ndege. Kuusemesha moyo kama mtu ni tashihisi, na mwanafunzi yeyote angeitaja kwa haraka. Kazi yake katika utungo huu inastahili kutazamwa zaidi: mtunzi anamhubiria kila mtu kwa kujihubiria nafsi yake, asiweze mtu kumwambia kwamba anajiona bora kuliko wenzake.

Huyo huyo hunasibishwa na Takhmisa ya Liyongo. Takhmisa ni ubeti wa mistari mitano, ambapo mtunzi wa baadaye huchukua mistari miwili ya mtunzi aliyemtangulia, akaitangulizia mitatu yake yenye vina vinavyooana nayo. Ni namna ya kuzungumza na marehemu kwa heshima, maana neno la mwisho la kila ubeti linabaki lake.

Mombasa ilikuwa na hewa nyingine. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alitunga katika mji wa bandari, chini ya utawala wa Mazrui, katika miongo ambayo Mombasa, Lamu na Unguja zilikuwa zikichimbana. Mashairi yake mengi ni mafupi, wakati mwingine ubeti mmoja au miwili, na yanahusu siasa, biashara, mapenzi, dhiki na kejeli. Mohamed Abdulaziz, aliyemwandikia kitabu kilichotoka mwaka 1979, anamwona kuwa ndiye aliyeifanya tarbia kuwa chombo cha mazungumzo ya mji mzima.

Tarbia ilimfaa kwa kazi hiyo. Mshororo wa mizani 16 una nafasi ya kusema hoja katika ukwapi na kuijibu katika utao. Kituo kinapiga msumari. Na kwa kuwa ubeti mmoja unajitosheleza, ulisafiri haraka midomoni mwa mabaharia na wafanyabiashara mpaka Lamu, ambako washairi kama Zahidi Mgumi walijibu mapigo. Jibu lilitakiwa lifuate vina na mizani za swali. Kushindwa kuzifuata kulikuwa sawa na kushindwa hoja, na hadhira ya miji miwili ilikuwa ikisikiliza. Mafumbo yalisitawi kwa sababu hiyo hiyo: tusi lililofumbwa vizuri lilimlazimu adui akiri kwamba amelielewa kabla hajaweza kulilalamikia.

Muyaka hakuacha diwani. Alipofariki, tungo zake zilibaki midomoni na katika karatasi za watu wachache. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya mwishoni mwa karne ya 19, akishirikiana na mmisionari William Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha Johannesburg. Ilipita karne nzima tangu kifo chake mpaka msomaji wa kawaida alipoweza kuzishika mkononi, na alizishika kwa herufi za Kilatini.

Badiliko hilo la herufi lilifuta baadhi ya mambo. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kinatofautisha t mbili, moja ya ulimi kugusa meno na nyingine ya ulimi kugusa ufizi. Malenga wa Mombasa wenye sikio kali huzihesabu kuwa sauti mbili, zisizoweza kufanya kina kimoja. Katika Kiswahili sanifu zote zinaandikwa t. Kwenye ukurasa vina hivyo vinaonekana sawa, na msomaji wa bara hana njia ya kujua kwamba mtunzi alihangaika kuvitenganisha.

Msomaji huyo wa bara alikuwa ameanza kuongezeka. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, lililotoka kila mwezi Dar es Salaam. Lilichapa mashairi ya wasomaji, na wasomaji wakamiminika. Wengine walitumia majina ya kupanga. Walimu, makarani na mahakimu, wengi wao wazaliwa wa lugha nyingine, walisomana bila kuonana. Shaaban Robert wa Tanga, karani wa serikali, alikuwa mmoja wa waliojijengea jina kwa njia hiyo. Baadaye alisimulia Vita Kuu ya Pili kwa utenzi mrefu, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake.

Gazeti halikupeleka sauti. Mtoto wa Lamu alijua mshororo unavunjika wapi kwa kuwa alikuwa amesikia ukiimbwa tangu yuko mgongoni. Mtu wa Tabora aliyelipata shairi kwa posta aliona mkato katikati ya mstari na namba juu ya ubeti. Alihitaji mtu wa kumwambia ahesabu nini. Hapo ndipo kitabu cha Amri Abedi kinapoeleweka: kiliandikwa kwa kizazi kilichokutana na shairi kwa macho kabla ya masikio. Amri mwenyewe hakuisahau sauti, maana kwake shairi na wimbo havikutengana, na lisiloimbika halikuwa shairi. Lakini idadi inafundishika kwa urahisi kuliko mahadhi. Walimu walichukua idadi, mahadhi yakabaki nyuma.

Pamoja na sheria yalikuja majina ya ruhusa. Mtunzi akifupisha neno ili mizani zitoshe, amefanya inkisari. Akilirefusha ni mazida. Akilibadili mwisho au matamshi ili lipate kina ni tabdila. Na akipangua mpangilio wa maneno anaambiwa ameboronga sarufi, bila lawama yoyote. Yakaorodheshwa na mapambo ya mtungo mzima: mtiririko, ambao vina vyake vya kati na vya mwisho havibadiliki toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ukaraguni, ambao hubadilika kila ubeti, kikwamba, ambacho neno moja huanzisha mishororo, msuko, ambao kituo chake hukatwa kikawa kifupi, na pindu, ambayo maneno yanayofunga ubeti hufungua unaofuata. Pindu inaitwa pia mkufu, nayo ilimsaidia mghani asiruke ubeti, kwa kuwa kila ubeti unamkabidhi kwa mwingine.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 umbo lilipewa kazi nyingine tena. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na hakimu, aliongoza chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, katika kuzieneza ngonjera: mashairi ya watu wawili au zaidi wanaobishana jukwaani, kwa kawaida mmoja akiwa hajui na mwingine akimwelimisha. Kitabu chake Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, baada ya kifo chake. Majibizano ya kina Muyaka yalikuwa na washindani wa kweli na matokeo yasiyojulikana. Ngonjera ilijulikana mapema itaishia wapi, kwa kuwa siasa ya Ujamaa ilipaswa kushinda, na watoto wa shule za msingi waliikariri kila sherehe ya taifa.

Katika miaka hiyo hiyo, upande wa Kenya, Abdilatif Abdalla alikuwa kifungoni. Alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi, na aliachiwa mwaka 1972. Mashairi aliyoyaandika huko kwa siri, kwenye karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Lipo moja juu ya mamba anayejiona hawezekani mtoni mwake, na msomaji hahitaji kuonyeshwa ni nani. Vina na mizani vimetimia. Umbo ambalo Mombasa ililirithi kutoka kwa Muyaka, pamoja na fumbo lake, lilibeba upinzani dhidi ya dola mpya.

Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi mengi yasiyo na vina wala hesabu ya mizani. Ugomvi uliozuka uliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Wanamapokeo, Jumanne Mayoka akiwa miongoni mwao, walisema kwamba maandishi hayo ni nathari iliyokatwa vipande. Wanamabadiliko, pamoja na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi waliotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, walijibu kwamba vina na mizani ni desturi moja tu ya ushairi, kwamba nyimbo za makabila ya bara zina taratibu zake, na kwamba tumbuizo za kale za pwani zenyewe hazikufungwa hivyo.

Hoja hiyo ya mwisho ilipata nguvu kutoka mahali ambapo wengi hawakutarajia. Ibrahim Noor Shariff, Mzanzibari, na Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, wote wawili watetezi wa mila, walionyesha jinsi bahari za ushairi, yaani aina zake, zilivyokuwa nyingi. Tungo Zetu ya Shariff, iliyotoka mwaka 1988, inazieleza kwa mifano: ukawafi wenye mizani 15 na vipande vitatu, wawe wa wakulima, kimai cha mambo ya baharini, na nyinginezo ambazo vitabu vya shule havizitaji. Kwa mtazamo huo, kosa la wanafunzi wa Amri halikuwa kushika sheria. Waliishika tarbia na utenzi, wakaziacha bahari nyingine zikauke.

Kezilahabi aliendelea na njia yake katika Karibu Ndani na Dhifa. Katika tungo zake kazi iliyofanywa na vina inafanywa na picha, takriri na mahali mstari unapokatika. Wakati huo huo Haji Gora Haji, baharia na mvuvi wa Tumbatu aliyesoma kidogo sana shuleni, alitoa Kimbunga mwaka 1994, kwa vina kamili vilivyozoeleka katika nyimbo za taarab alizokuwa akizitungia vikundi vya Zanzibar. Diwani za aina zote mbili zimefundishwa katika darasa moja, na mwalimu anawaeleza wanafunzi wale wale kwa nini moja inahesabiwa na nyingine haihesabiwi.

Tarbia yenyewe haijastaafu. Magazeti ya Kiswahili, likiwamo Taifa Leo la Nairobi, bado yanatenga nafasi kwa ajili ya mashairi. Mtunzi huanza kwa kumwomba mhariri ruhusa, huandika mizani zake 16 kwa kila mshororo, na mwishoni hutaja jina lake la kimalenga na mji anaotoka. Akimchokoza mtunzi mwenzake, hutazamia jibu katika toleo mojawapo linalofuata, kwa vina vile vile alivyovitumia yeye.